Kompyuta Isiyo na Mwili: Insha juu ya Ijara na Amana

Miongoni mwa maswali ambayo binadamu wameulizana tangu zama za kale, na ambayo kila kizazi hulazimika kuyajibu upya kwa kuwa vitu vyenyewe havikomi kubadilika sura, limo hili: mtu anaposema kitu ni chake, amesema nini? Ni chake kwa kuwa kimo mkononi mwake, au kwa kuwa akinyang'anywa yuko kadhi wa kumrudishia, au kwa kuwa amekizoea hata hawezi kuiwaza siku yake bila ya hicho? Swali hili lilipokuwa juu ya shamba, ng'ombe, jahazi na nyumba, wazee wetu walilijibu kwa utaratibu mrefu wa sheria na mila, wakatofautisha mwenye mali na mpangaji, mwazimaji na mweka rehani, na hawa wote na mtunza amana, kila mmoja kwa haki zake na kwa lawama zake. Leo swali limetujia kwa mlango mwingine. Imezuka kompyuta isiyo na mwili, na watu wanaitumia kutwa kucha pasi na kujiuliza wao ni nani mbele yake: wenyewe, wapangaji, ama wageni tu.

Kompyuta ninayoikusudia ni ile ambayo mafundi huiita kompyuta pepe. Mtu huketi mbele ya kioo, akaona kila alichozoea kukiona, majalada yake, programu zake, hata picha ya mlima aliyoichagua kuwa pambo, kumbe hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo ndani ya chombo alichokishika. Vyote vimo ndani ya mashine kubwa iliyo mbali, ambayo humletea picha tu. Wala wazo lenyewe si la jana. Wahandisi wa IBM, huko Marekani, katika miaka ya 1960 walipata njia ya kuigawa mashine moja ya thamani kubwa ikawa mashine nyingi za dhana, kila mtumiaji akidhani anayo nzima peke yake, na mwaka 1972 wakaitangaza kwa wanunuzi kwa jina la VM/370. Kampuni ya Citrix ilianzishwa mwaka 1989, na mwaka 1995 ikatoa WinFrame, iliyowawezesha watu wengi kuitumia Windows moja kutoka mbali. VMware ikafuata mwaka 1998, ikalileta katika mashine za bei ya kawaida jambo ambalo awali lilikuwa la wenye mali nyingi. Seva za namna hiyo zilipojengwa barani kwetu, Microsoft ikifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019 na Amazon mwaka 2020, umbali baina ya kidole na mashine ukapungua, na biashara ya kukodisha kompyuta pepe ikaweza kumfikia mtu wa Afrika ya Mashariki bila ya ishara zake kupitia Ulaya kwanza.

Ili maneno haya yasielee hewani, na tuyashushe Kabianga, katika nchi ya chai ya Kericho, mahali ambapo palikuwa na chuo cha kuwafunza wakulima, na ambapo leo pana Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichokuwa kwanza chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi na kupewa hati yake ya kujitegemea mwaka 2013. Tumwaze mwanafunzi mmoja wa nchi ile, nami simpi jina kwa kuwa ni wa kuwaza tu. Anaandika tasnifu juu ya udongo wa mashamba ya chai. Kompyuta mpakato aliyonayo ameinunua mitumba. Ni nzito wa mwili na dhaifu wa nguvu, na programu ya takwimu anayoihitaji haiwezi kukaa ndani yake, seuze kufanya kazi. Anafungua dirisha moja, anaandika jina lake na neno la siri, na kabla ya chai yake kupoa imemtokea mbele kompyuta kamili, yenye programu ile ya takwimu, yenye ramani za udongo, na yenye sura ya tatu ya tasnifu yake pale alipoiacha.

Yaliyopita katika muda huo mfupi yastahili kutazamwa kwa karibu, kwani ndani yake ndimo lilimo swali letu. Katika seva ile ya mbali kuna nakala kuu moja, iliyotengenezwa na msimamizi wa mfumo kwa uangalifu, ambayo hakuna mwanafunzi anayeigusa. Mwanafunzi alipobisha hodi, mfumo ulimtolea mfano wa nakala ile, mashine mpya isiyowahi kuwa ya mtu, haina jina wala historia. Kisha ikafunguliwa diski ndogo inayohifadhi mambo yake binafsi, yaani mipangilio, alama na majalada, ikaunganishwa na mashine ile, na papo hapo ikawa kana kwamba imemjua miaka mingi. Kisha programu alizoruhusiwa zikaambatishwa, kila moja ikiwa imefungwa katika kifurushi chake, bila ya kusakinishwa hasa. Na katika baadhi ya mifumo hata programu yenyewe hudanganywa, ikadhani inaandika katika rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio yake, ilhali maandishi yake yanaelekezwa penginepo. Baada ya hapo kinachosafiri baina ya seva na Kabianga ni picha kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili mibofyo ya kipanya na ya vidole. Akibofya herufi A, herufi ile haiandikwi Kabianga: ishara imekwenda, herufi imeandikwa huko, na sura yake imerudi upesi hata jicho halikutambua safari.

Mchana wa pili radi inapiga, kama ilivyo ada ya Kericho, nchi ya mvua za alasiri na mvua ya mawe iwachanayo wakulima majani ya chai, na umeme unakatika yeye akiwa katikati ya sentensi. Jioni anakwenda mjini Kericho, anakaa katika saiba mbele ya mashine ya mtu mwingine, anaandika neno lake la siri, na sentensi ile iko pale pale, kishale kikimetameta baada ya neno la mwisho. Hakuna kilichozimika ila kioo. Lakini usiku, amalizapo kazi na kutoka kwa utaratibu, ile mashine iliyomtumikia inafutwa yote, na kesho atapewa nyingine iliyotolewa katika nakala ileile kuu, naye ataiita kompyuta yake.

Je, ni ileile? Watu wepesi watasema swali hili ni la kuchezea akili, ilhali wanazuoni wakubwa wamelishughulikia kwa miaka zaidi ya elfu. Wenye ilmu ya kalam, yaani elimu ya kuzijadili itikadi za Kiislamu kwa hoja, wafuasi wa Imamu Ashari wa karne ya 10, walifundisha kwamba ulimwengu umefanyizwa kwa johari na aradhi, yaani dhati na sifa zinazozikalia dhati hizo, na kwamba hakuna aradhi idumuyo nyakati mbili: weupe wa karatasi hii sasa si ule wa punde iliyopita, bali ni mwingine alioumba Mola mahali pake, na kudumu kwa vitu tunakokuona ni kuumbwa kwake upya, kila dakika, bila ya kukatika. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, akajenga juu ya msingi huo hoja yake mashuhuri ya moto na pamba, kwamba macho huona pamba ikiungua wakati moto ulipoigusa, wala hayaoni kuwa moto ndio uliounguza. Ibn Rushd wa Kordoba, aliyefariki mwaka 1198, akampinga vikali, akisema anayeondoa sababu katika vitu ameondoa na akili pia, kwa kuwa akili si kitu ila ni kuvijua vitu kwa sababu zake. Na Mfaransa Descartes, katika tafakuri zake za mwaka 1641, alifika karibu na mlango uleule aliposema kwamba kukihifadhi kitu na kukiumba kwataka uwezo mmoja, tofauti yake ikiwa katika fikra tu.

Mwenye kuijua kompyuta pepe hawezi kuyasoma hayo asistaajabu, maana hapa pana kitu kilichofanyizwa na mikono ya watu ambacho mwendo wake ni huo hasa walioubishania wanazuoni: kinaumbwa, kinafutwa, kinaumbwa tena, na anayekitumia haoni ila kudumu. Iwapo utashika upande wa dhati, utasema mwanafunzi wetu hakuwahi kutumia kompyuta moja siku mbili. Iwapo utashika upande wa kumbukumbu, kama alivyofanya Mwingereza Locke katika toleo la mwaka 1694 la kitabu chake juu ya akili ya binadamu, alipoiweka nafsi ya mtu katika kujikumbuka kwake na si katika mwili, utasema kompyuta ni ileile maadamu imekumbuka pale sentensi ilipokatika. Mimi naona majibu yote mawili yamepungukiwa. Kumbukumbu ile haikujihifadhi yenyewe. Ilihifadhiwa na mtu aliyeahidi kuihifadhi. Diski ndogo ya mambo ya mwanafunzi yaweza kesho isiunganishwe, au ikaunganishwa ya mwenzake, au ikapotea, na hapo atapewa mashine iliyo sawasawa na ya jana kwa kila kipimo cha fundi, lakini yeye atasema, na atakuwa amesema kweli, kwamba kompyuta yake imepotea. Basi kilichoifanya kompyuta ya jana na ya leo kuwa moja ni ahadi iliyotimizwa. Umoja wa kitu hiki umesimama juu ya uaminifu wa mtu, na hilo laliondoa swali letu katika uwanja wa dhati na kulitia katika uwanja wa maadili.

Hapa pia ndipo mfano wa wanazuoni wa kalam unapokoma kutufaa, nasi tusiukokote kupita kadiri yake. Mola wao hachoki wala hasahau, na hakuna wa kumuuliza. Msimamizi wa mfumo huchoka, husahau, huhamia kazi nyingine yenye mshahara mnono, na kampuni yake huuzwa. Anayeumbiwa ulimwengu wake kila asubuhi na binadamu mwenzake ana haki ya kumuuliza binadamu huyo kwa masharti gani.

Tukiingia katika masharti, twakuta kwamba mambo mawili yamechanganywa katika kioo kimoja. La kwanza ni programu. Mwanafunzi haimiliki programu ya takwimu, na hata chuo hakiimiliki; kimelipia leseni ya kuitumia kwa muda na kwa idadi ya watu. Mafakihi waliita mapatano ya namna hii ijara, yaani kuuza manfaa ya kitu na kuiacha dhati yake kwa mwenyewe, kama mtu apangavyo nyumba. La pili ni kazi yake mwenyewe: tasnifu, vipimo vya udongo, barua, picha za mashamba. Hivi ni vyake, na amevipeleka kwa mwenye seva avitunze, na mapatano haya si ijara bali ni wadia, yaani amana. Kwa hiyo ndani ya kioo kimoja, na kwa neno moja la siri, mtu huyu ni mpangaji kwa mkono wa kulia na mweka amana kwa mkono wa kushoto. Na yule wa upande wa pili ni mwenye nyumba katika jambo la kwanza, na katika jambo la pili ni mtumwa wa amana. Haki zapita huku na huku kwa njia mbili zinazopishana, na dhuluma nyingi za zama hizi huanza pale mwenye nguvu anapozifanya njia hizo kuwa moja.

Maana hukumu zake hazifanani. Ijara ikimalizika, au kodi isipolipwa, mpangaji hutoka, na mwenye nyumba hana lawama kwa kumtoa kwa utaratibu. Lakini amana hairudishwi kwa hisani ya mtunzaji, ni amri. Kurani, katika sura ya 4, yaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, na Mtume amepokewa akifundisha kwamba amana irejeshwe kwa aliyekuamini, na hata aliyekufanyia hiana usimlipe hiana. Wakristo, ambao ndio wengi katika vilima vya Kericho, wanalo katika Injili ya Luka, sura ya 16, somo la wakili aliyeitwa kutoa hesabu ya mali isiyokuwa yake. Mafakihi wakaongeza ufafanuzi ambao hauna kifani kwa manufaa yake leo: mtunza amana haitoi dhamana ikipotea bila ya kosa lake, mathalan kwa moto au kwa wezi baada ya yeye kuilinda kama ilivyo desturi, bali akifanya taksiri katika kulinda, au akavuka mpaka kwa kuitumia amana kwa faida yake bila ya idhini, basi tangu hapo dhamana iko shingoni mwake. Kampuni inayoyachungulia majalada ya watu ili ijue la kuwauzia, au kuyalisha mashine zake zipate kujifunza, bila ya idhini iliyo wazi, imevuka mpaka huo, hata kama hakuna jalada hata moja lililopotea.

Wala wenyeji wa Kericho hawakungoja mafakihi wa pwani ili walijue jambo hili. Wakipsigis walikuwa, na katika kumbukumbu ya wazee wangali, na desturi iitwayo kimanagan, ambayo kwayo mwenye ng'ombe humpelekea rafiki yake wa mbali ng'ombe amchungie: aliyepokea hunywa maziwa, na ng'ombe na ndama wake hubaki wa aliyempeleka. Hakuna aliyechanganya maziwa na ng'ombe. Rafiki hakusema, kwa kuwa amemlisha miaka mingi, kwamba sasa ng'ombe ni wake. Wala mwenyewe hakudai alipwe maziwa yaliyokwisha kunywewa. Na ilikuwa busara kubwa, kwa sababu mwenye kutawanya ng'ombe zake kwa marafiki wengi, tauni au wezi walipolikumba boma moja, hakuamka maskini.

Nchi hiyohiyo imeujua pia upande mchungu wa somo hili. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwapa walowezi ijara za miaka 999, muda ambao kwa mtu aishiye miaka 70 hauna tofauti na milele. Juu ya ijara hizo yakapandwa mashamba makubwa ya chai ya Kericho katika miaka ya 1920, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikauhamisha kwa nguvu ukoo wa Talai wa Wakipsigis hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 65, ikaamuru kwamba asiye raia hawezi kushika ardhi ila kwa ijara isiyozidi miaka 99. Ijara ikirefushwa mno hugeuka milki kwa mlango wa nyuma. Na kinyume chake ni kweli pia, kwamba milki ikiwekewa masharti mengi mno hugeuka ijara, na mnunuzi asijue.

Mnunuzi wa programu amekwisha kuonja hilo. Mwezi wa Julai mwaka 2009, Amazon, ilipogundua kwamba aliyeiuzia baadhi ya vitabu hakuwa na haki ya kuviuza, ilivifuta kutoka mbali katika vyombo vya Kindle vya watu waliokwisha kuvilipia, na kwa kejeli ya mambo mojawapo ya vitabu hivyo ilikuwa riwaya ya George Orwell juu ya dola ifutayo maandishi. Pesa zilirudishwa, na mkuu wa kampuni akaomba radhi. Walakini watu walijua siku ile kwamba walichodhani wamenunua walikuwa wamekodi. Mwaka 2023, mwaka ambao mashamba ya chai ya James Finlay katika Kericho yaliuzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, ile VMware iliyokuwa mhimili wa kompyuta pepe nyingi duniani ilinunuliwa na Broadcom, na kabla ya mwaka kwisha mwenye nyumba mpya akatangaza kwamba hauzi tena leseni za kudumu, ila za kulipiwa kwa muda. Na mwaka uliofuata sehemu ya kompyuta pepe ikauzwa tena, ikapewa jina la Omnissa. Wafanyakazi wa mashamba waliamka na bwana mpya bila ya wao kuhama, na watumiaji wa kompyuta pepe waliamka vivyo hivyo.

Yupo atakayenijibu kwamba dawa yake ni rahisi: kila mtu na anunue mashine yake, aweke programu zake ndani yake, na amana zote zife. Jawabu hili lina heshima yake, lakini limesahau hali za watu. Mwanafunzi wetu hana fedha za mashine yenye nguvu, na akiwa nayo wezi wanaijua njia ya chumba chake. Kwa kompyuta pepe, chombo kibovu kinafanya kazi ya chombo kizuri. Mashine ikiibwa, tasnifu haikuibwa. Na msimamizi mmoja, badala ya kuzunguka maabara nzima akiziba ufa wa usalama katika kila mashine, huuziba katika nakala kuu usiku mmoja, na asubuhi wote wameamka salama. Ni kweli kwamba kosa nalo husambaa kwa njia ileile: tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la kampuni ya CrowdStrike liliziangusha mashine za Windows milioni 8.5 kote duniani, kompyuta za kawaida na seva pia. Lakini hatari ya jambo si hoja ya kuliharimisha, kama ambavyo kuzama kwa majahazi hakukuwazuia watu wa pwani kusafiri. Hoja ni nani nahodha, na ameahidi nini kwa abiria.

Basi na tumgeukie nahodha. Msimamizi wa mfumo aweza kufungua diski ya mambo ya kila mtu, aweza kuona saa aliyoingia na aliyotoka, na katika mifumo mingi aweza kukitazama kioo cha mtu akiwa kazini. Zamani mwenye kumpelekea jirani sanduku la amana alilifunga kwa kufuli na kubaki na ufunguo. Leo anayetunza sanduku ndiye pia mtengeneza kufuli. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya mtu huyu yapasa iwe ile ambayo wazee waliitafuta kwa mtunza mali ya yatima, yaani kuwa amini, na ustadi uje baada yake. Sheria ya Kenya ya kulinda data, ya mwaka 2019, imesaidia kwa kumtofautisha anayeamua data zitumikeje na anayezishughulikia kwa niaba yake, na kumfunga kila mmoja kwa wajibu. Lakini sheria humfikia mtu baada ya kosa, na amana hulindwa kabla ya kosa, na kilindacho kabla ya kosa ni moyo uliolelewa na taratibu zilizoandikwa.

Tena kuna jambo ambalo hata amini wa kweli hawezi kulitatua peke yake, nalo ni njia. Mwezi wa Mei mwaka 2024 mikonga miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikalegea katika Afrika ya Mashariki kwa siku kadhaa. Tasnifu ya mwanafunzi aliyeiweka Afrika Kusini haikupotea hata herufi moja, ila siku kama hizo huenda asiifikie, ama akaifikia kwa kishale kinachokuja sekunde kadhaa baada ya kidole. Vyuo vikuu vya Kenya vinao mtandao wao wa pamoja, KENET, ulioasisiwa mwaka 1999, na faida ya seva iliyo ndani ya nchi huonekana siku kama hiyo, kwa kuwa isiyovuka bahari haijali kilichokatika baharini. Amana isiyofikika siku ya haja imerudishwa nusu tu.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kompyuta pepe ni kitu cha kweli, kwa kuwa haki na wajibu vimeikalia, na haki haikalii kitu kisichokuwapo. Umoja wake wa jana na leo ni ahadi. Na ahadi hiyo yabeba mikataba miwili ambayo yapasa itenganishwe kwa maandishi kama inavyotengana kwa maana. Mkataba wa ijara na useme bei, muda, na la kutendeka mwenye nyumba akibadilika. Mkataba wa amana na useme mahali mali ilipo, nani aweza kuifungua, na kwamba siku ya kuachana itarudishwa yote, katika sura inayosomeka na programu nyingine, bila ya kushikwa rehani kwa ajili ya kodi iliyosalia. Anayedai kodi na aidai kwa mlango wa ijara. Mkuu wa chuo au wa ofisi atakayeutia sahihi mkataba usiosema hayo ametoa mali isiyokuwa yake.

Nawe, msomaji, ambaye huenda unayasoma maneno haya katika kioo cha mashine usiyojua iliko, fuata busara ya wenye ng'ombe wa Kericho: usiweke mali yako yote katika boma moja. Nakili kazi yako leo, uiweke penginepo unapopafikia bila ya ruhusa ya mtu.